Kifaranga si kifurushi: Somo la mbwa wa kwenye ndege kwa wafugaji wa Inyonga

MBWA mdogo akisafiri kwa ndege pamoja na mwenyewe, hakai kitini wala hapakatwi. Anakaa ndani ya begi lenye matundu ya hewa, chini ya kiti cha mbele, tangu ndege inaporuka hadi inapotua. Mashirika kama KLM na Lufthansa yanamruhusu mbwa wa namna hiyo katika chumba cha abiria iwapo uzito wake pamoja na begi hauzidi kilo 8. Akizidi hapo, anawekwa kwenye kizimba na kwenda sehemu ya mizigo.

Mashirika mengine hayataki kabisa. Emirates ya Dubai haipokei mbwa ndani ya chumba cha abiria, isipokuwa yule anayemwongoza asiyeona. Ndege wa kuwindia aitwaye kozi ndiye anayeruhusiwa, tena kwa baadhi tu ya safari kati ya Dubai na Pakistan.

Kwa mkazi wa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, habari hizi zinaweza kuonekana ni za watu wenye fedha za kuchezea. Hata hivyo, mfugaji anayeagiza vifaranga wa siku moja kutoka mikoa ya mbali anafanya kazi ile ile ya mwenye mbwa: anasafirisha kiumbe mdogo, hai, ndani ya chombo cha abiria. Tofauti ni kwamba mwenye mbwa amewekewa masharti kabla ya safari, wakati mfugaji mara nyingi hugundua kosa lake anapofungua boksi.

Nafasi, hewa na joto

Sharti la kwanza la mbwa ni nafasi. Kizimba chake lazima kimwezeshe kusimama, kugeuka na kulala bila kujibana. Kwa vifaranga mambo ni kinyume kidogo. Boksi la kawaida la vifaranga 100 hugawanywa vyumba vinne, kila kimoja vifaranga 25. Wakiwa wengi mno wanakosa hewa na kukanyagana. Wakiwa wachache mno wanapata baridi, na gari linapokata kona wanarundikana upande mmoja. Ndiyo maana mfugaji anayeagiza vifaranga 50 aombe vyumba viwili vilivyojaa, asipokee vinne vyenye vifaranga wachache wachache.

Boksi liwe na matundu pembeni na juu, na liwekwe pale ambapo matundu hayo hayatazibwa. Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Kwenye buti la basi, boksi linaweza kubanwa na magunia, na joto la injini na la barabara likapanda bila mtu kujua. Kwenye keria lililofunikwa turubai, mchana ni tanuri na usiku ni baridi. Mahali pazuri ni ndani, penye kivuli na hewa inayopita, mbali na upepo wa moja kwa moja wa dirisha. Anayesafirisha azungumze na kondakta kabla ya kulipa nauli, si baada ya mizigo kupakiwa.

Vifaranga wenyewe hutoa taarifa. Wakihema midomo wazi na kutanua mabawa, joto limezidi. Wakijikusanya pamoja na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakitawanyika na kulia taratibu, wako salama. Anayewasindikiza awaangalie kila basi linaposimama.

Saa huanza kuhesabu mapema

Kifaranga anaweza kusafiri bila kula kwa sababu muda mfupi kabla ya kutotolewa huvuta tumboni sehemu ya kiini cha yai iliyobaki. Akiba hiyo humtunza kwa siku mbili hadi tatu. Kwa ajili hiyo Posta ya Marekani ilianza kupokea vifaranga kama mizigo ya posta mwaka 1918.

Lakini saa 72 hazianzi kuhesabiwa basi linapoondoka. Zinaanza kifaranga anapotoka kwenye ganda. Baada ya hapo kuna kukauka, kuchaguliwa, kuchanjwa, kupangwa kwenye maboksi na kupelekwa stendi. Kutoka Dar es Salaam hadi Inyonga ni zaidi ya kilometa 1,000. Vifaranga waliolala ghalani siku moja kabla ya safari wanaweza kufika akiba yao ikiwa imekwisha.

Swali la kwanza kwa mwenye mashine ya kutotolea, basi, si bei. Ni hili: vifaranga hawa wametotolewa lini, saa ngapi? La pili ni kama wamechanjwa ugonjwa wa mahepe, kwa kuwa chanjo hiyo hutolewa siku ya kwanza.

Barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, iliyojengwa kwa lami kwa fedha za mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imerahisisha safari ya kwenda Inyonga. Wapo wanaofikiria ndege hadi Mpanda. Hao wakumbuke kwamba vifaranga huenda kama mzigo, hivyo waulize ofisi ya mizigo mapema, na kwamba kutoka Mpanda kurudi Inyonga kuna zaidi ya kilometa 100 nyingine kwa gari.

Makaratasi kwanza

Mbwa wa Tanzania anayekwenda nchi za Umoja wa Ulaya huwekwa chipu ndogo chini ya ngozi, kisha huchanjwa kichaa cha mbwa. Damu yake hupimwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, na tangu siku ya kutolewa damu husubiriwa miezi mitatu. Anayetaka kusafiri Desemba lazima aanze angalau miezi minne kabla. Marekani nayo, tangu Agosti 1, 2024, haipokei mbwa wa umri chini ya miezi sita.

Mfugaji hahitaji miezi minne, lakini anahitaji kwenda kwa ofisa mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inasimamia uhamishaji wa mifugo ili ugonjwa usisafiri pamoja nayo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama asafirishwe bila kuteswa. Kibali na risiti ya chanjo vikae mfukoni mwa msindikizaji, si ndani ya boksi.

Wakifika nyumbani

Banda liwe limepashwa moto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe nyuzi mbili au tatu kila wiki. Anayetumia jiko la mkaa aache njia ya hewa, maana moshi wake huua kimya kimya.

Maji ndiyo ya kwanza, yasiwe baridi, yakiwa na glukosi au sukari kidogo. Kila kifaranga achovywe mdomo ili ajue maji yalipo. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili, kikiwa kimetandazwa juu ya karatasi. Baada ya hapo ifuatwe ratiba ya chanjo za kideri na gumboro kama atakavyoelekeza mtaalamu.

Hesabu ya hasara

Tuseme kifaranga mmoja ni Sh1,500. Vifaranga 100 ni Sh150,000, na usafiri Sh30,000. Jumla ni Sh180,000, yaani kila mmoja amefika kwa Sh1,800. Wakifa 20 njiani, wale 80 waliobaki kila mmoja amegharimu Sh2,250, kabla hajala hata punje moja. Nauli ya mtu wa kuwasindikiza inaweza kuonekana ghali, lakini ilinganishwe na hesabu hiyo.

Mfugaji ahesabu vifaranga mbele ya aliyewaleta, aandike waliofika hai na waliokufa, saa ya kufika na jina la gari. Safari mbili tatu zikishaandikwa, daftari litamwonyesha muuzaji gani na basi lipi linamtia hasara. Mali bila daftari huisha bila habari.