Tiba kwa vitendo: kazi ya kumwezesha mtoto kula, kuvaa na kucheza

Kwa mtoto wa miaka sita, kufunga vifungo vya shati, kushika penseli na kupeleka kijiko mdomoni bila kumwaga ni kazi kamili. Anaposhindwa kuzifanya, aghalabu huitwa mvivu au mtundu, ilhali huenda tatizo liko katika misuli yake, au katika namna ubongo wake unavyopokea na kupanga hisia.

Wataalamu wanaowashughulikia watoto wa aina hiyo huitwa watoa tiba kwa vitendo. Nchini Uingereza na Marekani hufanya kazi hospitalini, shuleni na hata majumbani. Hata hivyo, taaluma yao haitajwi mara kwa mara kama udaktari au uuguzi, hasa kijana anapoketi na wazazi wake kuchagua masomo ya chuo kikuu.

Chimbuko

Mwezi Machi mwaka 1917, watu sita walikutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hiyo nchini Marekani. Vita Kuu ya Kwanza vilipowarudisha askari wengi wakiwa majeruhi, haja ya wataalamu hao ilidhihirika.

Nchini Uingereza, daktari Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza, Dorset House, mjini Bristol mwaka 1930. Shirikisho la dunia la wataalamu hao liliundwa mwaka 1952.

Kwa upande wa watoto, jina linalotajwa sana ni la Mmarekani A. Jean Ayres, ambaye mwaka 1972 alichapisha kitabu kuhusu uhusiano kati ya hisia za mwili na matatizo ya kujifunza. Nadharia yake ingali inatumika, ingawa watafiti wanaendelea kubishana kuhusu kiwango cha manufaa yake.

Mchezo wenye shabaha

Mtaalamu wa tiba ya viungo hushughulika zaidi na nguvu na mwendo wa mwili. Mtoa tiba kwa vitendo huuliza swali jingine: mtoto huyu anataka kufanya nini, na ni kitu gani kinachomzuia?

Mgeni akichungulia chumbani anaweza kudhani kwamba watu wazima wanacheza tu. Lakini kutunga shanga hufunza vidole kushika kitu kidogo, na kupanda bembea hufunza mwili kujisawazisha. Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo ulioathiri upande mmoja huvishwa glavu katika mkono wenye nguvu kwa muda maalumu, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi.

Mazoezi hayo huendelea nyumbani. Mama anayekanda unga wa chapati anaweza kumpa mtoto donge lake, na tiba ikawa imefanyika bila ya kifaa chochote cha kununuliwa.

Hapo ndipo mila inapoingia. Chukua mfano wa mtoto ambaye mkono wake wa kulia ni dhaifu. Kliniki inaweza kumfundisha kula kwa mkono wa kushoto, akafaulu, kisha akakemewa nyumbani ambako mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na kusalimia wakubwa. Mtoto huyo atakuwa amejifunza jambo ambalo hawezi kulitumia mbele ya jamaa zake.

Mtaalamu anayeyafahamu hayo huzungumza na wazazi kwanza. Huenda wakakubaliana kutumia kijiko chenye mpini mnene kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukishika sahani. Huenda pia familia ikaelewa kwamba mtoto hana jeuri, bali mwili wake hauwezi. Mazungumzo kama hayo huwa mepesi zaidi yanapofanyika kwa lugha ya mama mzazi.

Njia ya kuingia

Nchini England shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka mitatu, na Scotland miaka minne. Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kusoma shahada ya uzamili kwa takriban miaka miwili. Mhitimu hana budi kusajiliwa na baraza la taaluma za afya, HCPC, kwa kuwa jina la taaluma hiyo linalindwa na sheria. Tangu mwaka 2020, wanafunzi wa England wanaotimiza masharti hupata ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka isiyorejeshwa.

Marekani hudai shahada ya uzamili au ya udaktari wa fani hiyo, mtihani wa taifa na leseni ya jimbo. Kwa kiwango cha shirikisho la dunia, mwanafunzi hupaswa kutimiza angalau saa 1,000 za mafunzo ya vitendo.

Afrika Mashariki nayo ina vyuo vyake, kikiwamo cha KMTC nchini Kenya na kile cha KCMC mjini Moshi, Tanzania. Aliyehitimu huko na kuhamia ng'ambo hupimwa vyeti vyake, na huenda akatakiwa kuongeza masomo.

Uchovu na furaha

Kazi hii ina mizigo yake. Makaratasi ni mengi, orodha za wanaosubiri ni ndefu, na wapo wazazi wanaotarajia uponyaji ambao haupo, kwani mtindio wa ubongo hauponi. Maendeleo ya miezi sita yanaweza kuwa kifungo kimoja tu cha shati.

Lakini kifungo hicho ndicho kinachowafanya wengi waipende kazi yao. Mtoto aliyekifunga mwenyewe hukimbia kumwonyesha kila aliye karibu, na asubuhi inayofuata hataki tena kuvishwa.

Mzazi mwenye wasiwasi nchini Uingereza anaweza kuanza kwa daktari wa familia au shule. Nchini Marekani, sheria inatoa huduma maalumu kwa watoto wenye ulemavu walio chini ya miaka mitatu, na kuanzia umri huo shule za umma huwajibika kuwahudumia wanaostahili bila ya malipo.

Kungoja kwa sababu ya aibu hakumsaidii mtoto. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na katika tiba hii msemo huo una uzito wake.