Kioo kikizimika, chuma kinabaki

Mwenye kupita barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kushuka Kamanyola na Luvungi mpaka Uvira, anaona bunduki kila mara: ku bariere, ku soko, pembeni ya machimbo. Watu wanaangalia mkono wa mwenye kuishika, na macho yake. Ni wachache wanaoangalia vile vyuma viwili vidogo vilivyo juu ya bunduki. Na ni vyenyewe vinaamua risasi itafika wapi: kwa yule anayetafutwa, ao kwa mama anayetwanga mawe nyuma yake.

Chuma cha mbele, karibu na mdomo, ni kama kijiti kilichosimama. Cha nyuma kiko na mkato mdogo. Askari wetu waliosomea kwa Kifaransa wanaviita guidon na hausse. Jicho linaweka kijiti katikati ya mkato, halafu shabaha inakaa juu ya kijiti. Havina betri wala kioo. Kalachi, ile ya Mikhail Kalashnikov, iko na hivyo tu. FAL ya Herstal, Ubelgiji, ambayo jeshi letu lilibeba katika vita vya 1964, pia ilikuwa na vyuma vyake.

Siku hizi ku simu tunaona picha za bunduki zenye darubini, ao kioo chenye nukta nyekundu. Kweli kioo kinasaidia jicho, zaidi wakati wa jioni. Lakini betri inaisha, mvua inapiga, ukungu unafunika, udongo unaingia. Mchimbaji hahitaji somo refu hapa: mwenye akili hashuki ndani ya shimo na tochi moja. Kwa sababu ile ile, bunduki yenye kioo inapaswa kubaki na vyuma vya akiba.

Jambo hili ni la wale sheria inawaruhusu kubeba silaha kwa kazi: askari, polisi wa migodi, walinzi wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Raia hawezi kushika silaha bila ruhusa ya serikali. Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 iko wazi. Lakini sisi tunaokaa mbele ya hizo bunduki tunafaa kujua chuma kizuri ni kipi.

Kwanza, kiwe cha madini, kisiwe cha plastiki, zaidi kile cha mbele: mtutu unapata moto sana bunduki ikipiga risasi nyingi. Pili, kilichosimama siku zote ni bora kwa anayefanya kazi ku pori, juu ya hatari haingoji mtu afungue kitu. Cha kukunja kinafaa tu kama kile kilichosimama kinaziba kioo, na kikifunguliwa kikae imara bila kutikisika. Tatu, kioo kisizibe vyuma. Darubini ya kalachi inafungwa upande wa kushoto na kukaa juu. Ikifungwa vizuri, jicho linaweza kupita chini yake na kuona vyuma bado. Nne, na hili njo kubwa: vyuma vya akiba vijaribiwe kwa risasi, kama kioo chenyewe. Chuma ambacho hakijawahi kujaribiwa ni pambo.

Hesabu yake ni rahisi. Katika kalachi, kati ya chuma cha mbele na cha nyuma kuna kama sentimita 38. Kijiti kikipinda milimita 1 tu, ku mita 100 risasi inakosa shabaha kwa sentimita 26 hivi. Ku mita 300 inakosa karibu sentimita 80. Hiyo ni nafasi kati ya mtu na jirani yake ku foleni ya maji. Bunduki ikianguka ku mawe, ao ikirushwa ndani ya gari, hiyo milimita 1 inaweza kutokea na hakuna atakayeiona kwa macho.

Kuna kitu kingine kinachodanganya watu. Ku hausse kumeandikwa namba, ku kalachi nyingi kuanzia 1 mpaka 8 ao 10. Namba 3 ni mita 300, namba 8 ni mita 800. Wengine wanafikiri risasi inaishia pale. Hapana. Namba ni msaada wa jicho, si mwisho wa risasi. Risasi ya kalachi inaweza kuua hata ku kilomita 1 na nusu. Kwa hiyo ukisikia milio upande wa kilima, usiseme «iko mbali». Wala usitegemee mabati, mlango wa mbao ao ukuta wa miti na udongo. Laza watoto chini, ndani ya mtaro ao nyuma ya jiwe kubwa.

Kwa wachimbaji kuna hasara nyingine tena. Machimbo yanapewa rangi: kijani, manjano ao nyekundu. Watu wenye silaha wasio na haki ya kuwa pale wanaweza kuyatia nyekundu, na madini yake hayapati njia halali ya kuuzwa. Bunduki moja inaweza kufunga chakula cha familia nyingi bila hata kupiga risasi.

Basi, mkutano wa kooperative na Comité local de suivi unapofika, msiulize tu polisi wa migodi ni wangapi. Ulizeni pia bunduki zao zilijaribiwa lini ku mita 100, na ikianguka moja, nani anaijaribu tena mbele ya kurudi kazini. Si kumtukana kamanda. Mchimbaji anajaribu kamba mbele ya kushuka. Mlinzi naye ajaribu chuma chake mbele ya kusimama karibu na watu.