Wasifu wa kuombea kazi: maana, matumizi na uandishi

Wasifu (nomino, *wasifu huu, wasifu wangu*) ni maelezo ya maisha ya mtu, hususan elimu, kazi na ujuzi wake. Neno hili lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa *sifa* na *sifu*. Undugu huo huwapotosha waombaji wengi wa kazi. *Sifa* ina maana mbili: hali inayomtambulisha mtu, na maneno ya kumtukuza. Tangazo la kazi linapotaja "sifa za mwombaji" hukusudia maana ya kwanza, ilhali waombaji wengi hulijibu kwa maana ya pili.

Maneno yanayokaribiana

Katika taaluma ya fasihi, *wasifu* ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mwingine, na *tawasifu* ni zile alizoandika mwenyewe. Hata hivyo, hati ya kuombea kazi huitwa wasifu ijapokuwa mwandishi wake ni mwombaji mwenyewe. Nchini Kenya hutumika pia *wasifukazi*. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania hutumia *maelezo binafsi*, na hutaka pia majina ya *wadhamini* watatu. Mfasiri atahadhari hapa: mdhamini huyu si yule anayeweka dhamana mahakamani au benki. Ni mtu awezaye kuthibitisha mwenendo na uwezo wa mwombaji, kama vile mhadhiri au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo.

Mpangilio

Wasifu huanza na jina kamili, anwani na namba ya simu inayopatikana. Hufuata elimu, uzoefu wa kazi, ujuzi, lugha, kisha wadhamini. Elimu na kazi hupangwa kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, ili msomaji akutane kwanza na hali ya sasa ya mwombaji. Kwa mhitimu asiye na uzoefu mrefu, kurasa mbili hutosha.

Lugha ya wasifu

Tuchukue mfano wa mhitimu wa ualimu kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Akiandika:

*Mimi ni mchapakazi hodari, mbunifu na mpenda watoto,*

mwajiri hana cha kupima, kwa kuwa kila mwombaji aweza kuyasema hayo. Akiandika:

*Mazoezi ya kufundisha, wiki nane: nilifundisha Hisabati kidato cha pili, mikondo miwili, na kutunga jaribio la kila wiki,*

bidii yake imeonekana bila kutajwa. Vitenzi vya kutenda, muda na idadi ndivyo vinavyobeba uzito.

Kanuni hiyo huwafaa pia wanaodhani hawana uzoefu. Kijana wa Rungwe aliyetunza daftari la mauzo ya chai ya familia, au mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya aliyetengeneza mashine za kukoboa mahindi wakati wa likizo, ana jambo la kuandika. Methali husema *chema chajiuza*. Katika wasifu, sharti kwanza kiwekwe mezani.

Usahihi

Jina kwenye wasifu lilingane na lililo kwenye vyeti na kitambulisho cha taifa. Jina la ukoo la Kinyakyusa lililoandikwa kwa *ky* kwenye cheti cha kidato cha nne lisiandikwe kwa *ki* kwenye wasifu, kwa sababu herufi moja huweza kuzua shaka juu ya mwenye cheti. Ikiwa vyeti vyenyewe vinatofautiana, tofauti hiyo huelezwa kwa hati ya kiapo.

Kuongeza chumvi nako kuna gharama. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, na Rais akaagiza waondolewe kazini. Baadhi walikuwa wametumikia kwa miaka mingi.

Mifano ya matumizi

*Ambatisha wasifu wako na nakala za vyeti.*
*Wasifu huu hauonyeshi mwaka wa kuhitimu.*
*Aliuandika upya wasifu wake kulingana na kazi aliyoiomba.*