Opsheni za Hisa: Hasara Kabla Bei Haijatikisika

Tangu 1973, katika soko la Chicago, Marekani, huuzwa opsheni: haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kabla ya tarehe maalumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliamua kuwa haijuzu. Lakini hata asiyejali hukumu hiyo ana kilio chake. Mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100. Tuseme mnunuzi anatoa dola 2.00 kwa hisa, muuzaji anataka 2.40. Ukinunua papo hapo, walipa 240. Ukibadili nia dakika ile ile, wapata 200. Arobaini zimetoweka, na hisa yenyewe haijatikisika! Ukitaja bei yako, 2.20 kwa mfano, agizo laweza kuning'inia hadi soko lifungwe, ilhali bei uliyoilenga imeshapaa.