Maumivu Sugu ya Viungo na Misuli: Mambo Ambayo Utafiti Umebaini Tangu Newala Hadi Leo

MTWARA: Kati ya mwaka 1952 na 1953, wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ya wakati huo, walikumbwa na homa ya ghafla iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Wagonjwa walishindwa kusimama wima, wakatembea wameinama. Wamakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, jina linalotokana na kitenzi cha lugha yao chenye maana ya kupinda au kujikunja. Mwaka 1955 watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu mlipuko huo, na jina hilo la Kimakonde ndilo linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba duniani kote.

Homa ya chikungunya huisha ndani ya siku chache au wiki moja. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hubaki kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka. Kwa sababu hiyo, ugonjwa uliopewa jina mkoani Mtwara umekuwa mfano muhimu kwa watafiti wanaochunguza swali linalowagusa wananchi wengi: kwa nini mwili huendelea kuuma wakati chanzo cha awali kimekwisha, na ni tiba gani inayosaidia?

Maumivu sugu ni nini

Kitaalamu, maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Maumivu ya kawaida ni kengele ya tahadhari: mtu akijikata na panga, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, naye huondoa mkono. Jeraha likipona, kengele hunyamaza. Katika maumivu sugu, kengele hiyo huendelea kulia. Mfumo wa neva huwa mwepesi kupita kiasi, hivyo mguso mdogo, baridi ya asubuhi au kazi nyepesi hupokewa kama jeraha jipya.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kutumia toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, ambalo kwa mara ya kwanza limeyapa maumivu sugu nafasi yake kama tatizo la kiafya linalojitegemea. Uamuzi huo una uzito kwa mgonjwa. Kabla yake, mtu ambaye vipimo vyake vya damu na picha za eksirei havikuonesha kasoro aliweza kuambiwa kuwa hana ugonjwa, au hata kushukiwa kuwa anakwepa kazi. Sasa mtoa huduma ana msingi wa kuandika tatizo hilo katika jalada na kulipangia matibabu.

Miongoni mwa hali zilizo katika kundi hilo ni fibromialjia. Mwenye hali hii huumwa sehemu nyingi za mwili kwa wakati mmoja, huamka akiwa amechoka hata kama amelala usiku kucha, na husahau mambo au kushindwa kutuliza mawazo. Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Vigezo vya mwaka 1990 vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili na kupata maumivu katika sehemu 11 au zaidi. Tangu mwaka 2010 mkazo umehamia kwenye maelezo ya mgonjwa mwenyewe: sehemu zinazouma, ubora wa usingizi, uchovu na muda wa dalili. Inakadiriwa kuwa hali hii huwapata watu wawili hadi wanne kati ya kila 100, na wanawake hugunduliwa kuwa nayo zaidi kuliko wanaume.

Funzo la pwani na visiwa

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka katika kisiwa cha Lamu nchini Kenya. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionesha kuwa takriban watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Mombasa, Komoro na kisiwa cha Réunion, ambako katika mwaka 2005 na 2006 karibu theluthi moja ya wakazi waliugua. Utafiti mmoja uliowafuatilia wagonjwa wa Réunion ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa bado na maumivu ya viungo miezi 15 baada ya homa. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hupata baridi yabisi yenye uvimbe, na wengine hubaki na maumivu ya mwili mzima yanayofanana na fibromialjia.

Milipuko ya Makonde na Lamu ina jambo moja linalofanana: uhaba wa maji uliwalazimu wananchi kuyahifadhi majumbani, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza virusi hivyo, huzaliana katika vyombo vya maji vilivyo wazi. Mbu huyo huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Kufunika mitungi na matangi, kuyasugua mara kwa mara na kuondoa vifuu na matairi yanayotuamisha maji ni kinga dhidi ya homa hiyo na pia dhidi ya maumivu yanayoweza kuifuata.

Utafiti unasema nini kuhusu tiba

Mwaka 2016 muungano wa Ulaya wa wataalamu wa baridi yabisi, EULAR, ulipitia ushahidi uliokuwapo kuhusu fibromialjia. Kati ya tiba zote zilizochunguzwa, moja tu ilipewa pendekezo lenye nguvu: mazoezi. Tiba za sindano za Kichina, mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu, yoga, taichi na ushauri wa kisaikolojia zilipendekezwa kwa kiwango cha chini zaidi, kama nyongeza kulingana na hali ya mgonjwa. Baadhi ya dawa zinazotuliza mfumo wa neva zinaweza pia kusaidia kwa dozi ndogo, kwa maelekezo ya daktari. Afyuni kali na dawa za steroidi hazikupendekezwa.

Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa watu wazima 226 wenye fibromialjia. Waliofanya taichi, ambayo ni mijongeo ya polepole inayoambatana na upumuaji, walipata nafuu sawa au zaidi ya wale waliofanya mazoezi ya kawaida ya kuupasha mwili joto. Nchini Brazili, jaribio lililohusu wagonjwa wenye maumivu sugu baada ya chikungunya lilionesha kuwa wiki 12 za mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli zilipunguza maumivu na kuwarudishia uwezo wa kufanya kazi za kila siku.

Kwa maumivu sugu ya mgongo, mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchuliwa na mtaalamu, tiba za sindano na ushauri wa kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo wala dawa za jamii ya afyuni.

Tiba hizi hazidai kuondoa maumivu yote. Lengo la huduma za utengamao ni kumwezesha mtu kurudi kwenye maisha yake: kuchota maji, kupanda mtumbwi, kulala usingizi na kumbeba mtoto.

Kuanza kidogo, kuongeza polepole

Kosa la kawaida ni kufanya kazi kupita kiasi siku mwili unapopata nafuu, kisha kulala siku tatu kwa maumivu. Mzunguko huo hudhoofisha misuli. Wataalamu wa fiziotherapia hushauri kugawa kazi: anayeokota korosho afanye kazi kwa muda mfupi, anyooke, atembee, kisha aendelee, badala ya kuinama asubuhi nzima. Anayeanza mazoezi aanze na mwendo wa dakika chache kila siku na kuongeza kidogo kila wiki. Maumivu madogo yanayotulia baada ya muda si dalili kwamba mwili unaharibika.

Familia nayo ina sehemu yake. Mgonjwa anayeaminiwa na kusaidiwa kugawa kazi hufuata tiba vizuri zaidi kuliko anayelaumiwa kwa uvivu.

Tahadhari katika tiba asili na dawa

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi na kukandwa kwa maji ya moto ni desturi za muda mrefu katika pwani ya kusini, na kwa watu wengi hutuliza misuli iliyokaza. Hata hivyo, kiungo kilichovimba na chenye joto, au mfupa unaodhaniwa kuvunjika, haupaswi kuchuliwa kabla ya kuchunguzwa. Kuchanjwa chale kwa wembe uliotumika na mtu mwingine kunaweza kuambukiza Virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inawataka watoa huduma hao wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwananchi ana haki ya kuuliza kuhusu usajili huo. Unga au vidonge visivyo na lebo vinavyoondoa maumivu kwa saa chache vitiliwe shaka, kwa kuwa katika nchi mbalimbali bidhaa za aina hiyo zimebainika kuchanganywa na steroidi kwa siri.

Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku bila ushauri, zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wenye shinikizo la juu la damu. Mwenye homa ya ghafla apimwe malaria kwanza, na asitumie dawa hizo wala aspirini kabla ya kuthibitika kuwa hana dengue, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Wakati wa kufika kituo cha afya

Wananchi wanashauriwa kufika kituo cha afya mara moja iwapo maumivu yanaambatana na kupungua uzito, homa za usiku au kikohozi cha muda mrefu, ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, au kiungo kimoja kuvimba na kuwa cha moto. Dalili hizo zinaweza kuashiria kifua kikuu cha mifupa, maambukizi au saratani, magonjwa ambayo matibabu yake hayapaswi kucheleweshwa.

Maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu bila dalili hizo yaanze kuchunguzwa katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa atapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Ni vyema aende na maelezo yaliyoandikwa: maumivu yalianza lini, baada ya ugonjwa au ajali gani, sehemu zipi zinauma, anavyolala, na dawa zote anazotumia zikiwamo za asili. Ushauri wa afya hupatikana pia bila malipo kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya.