Mkopo wa Ushirika Usimame Juu ya Fedha za Wanachama

Mkoani Kagera, mkulima wa kahawa aliyebanwa na shida huuza zao lake likingali ua mtini, na watu huita biashara hiyo butura. Mtwara na Lindi, mwenzake wa korosho hupokea fedha za kangomba kabla ya msimu, kisha hulipa kwa mazao. Ukilinganisha fedha alizopewa na thamani ya mzigo wake mnadani, unakuta riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuitangaza. Biashara hizi zimepigwa marufuku mara nyingi na bado zinaendelea, kwa sababu ada ya shule na maradhi havisubiri mavuno. Dawa yake si amri. Ni fedha nyingine zinazomfikia mkulima kabla ya mlanguzi kufika. Ndiyo maana kuvikopesha vyama vya ushirika, na hata taasisi zisizogawana faida, si sadaka bali ni uwekezaji wenye tija kwa jamii nzima. Lakini tija hiyo ina sharti moja ambalo historia yetu imelifundisha kwa gharama kubwa: mkopo uongezee nguvu fedha za wanachama wenyewe, usichukue nafasi yake.

Tuanze na sababu ya vyama hivi kukosa mtaji. Hisa ya ushirika haipandi bei sokoni. Mwanachama mwenye hisa nyingi ana kura moja sawa na mwenye chache, na ziada hugawanywa kwa kadiri ya mazao mtu aliyoleta, si kwa kadiri ya fedha alizoweka. Masharti hayo ndiyo yanayokifanya chama kiwe cha wakulima, na ndiyo hayo hayo yanayomkimbiza mwekezaji. Benki ya kawaida nayo hudai hati ya kiwanja, ilhali AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ina ghala, mzani na daftari la wanachama. Pengo hili, basi, limo ndani ya muundo wenyewe. Ujerumani ya karne ya 19 ililijibu kwa vyama vya akiba na mikopo vya vijijini alivyoviasisi Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Kenya ilisajili Benki ya Ushirika mwaka 1965, na hata hisa zake zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2008, vyama vya ushirika vilibaki na sehemu kubwa ya umiliki. Tanzania ilikawia. CRDB, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya ushirika na maendeleo vijijini, ilibinafsishwa mwaka 1996 ikawa benki ya biashara, na benki ya ushirika ya kitaifa ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025 tu.

Manufaa ya kuziba pengo hilo yanaonekana vizuri Githunguri, Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, kwenye chama cha wafugaji kilichoanzishwa mwaka 1961. Maziwa hayamruhusu mfugaji kungoja bei: yasipouzwa leo, kesho yameharibika. Kwa miaka mingi chama kilikusanya maziwa mabichi na kuwauzia wengine, na wanunuzi walipoyumba, mfugaji ndiye aliyeumia. Mwaka 2004 kilifungua kiwanda chake cha kusindika, kwa msaada wa mkopo wa Oikocredit, taasisi ya ushirika ya Uholanzi, na leo maziwa ya Fresha yanauzwa madukani. Faida yake haikuishia kwenye bei ya lita. Chama kikiwa na malipo ya uhakika ya kila mwezi, kinaweza kumpa mwanachama chakula cha mifugo na huduma ya uhimilishaji kwa mkopo, kisha kukata deni kwenye maziwa yake. Madereva na mafundi wa kiwanda hupata ajira, na ziada hurudi kwa wafugaji badala ya kuondoka na mwenye hisa wa mbali. Mkopeshaji naye ana usalama asioupata kwa mfugaji mmoja mmoja, kwa kuwa mazao hupitia mikononi mwa chama kabla ya fedha kumfikia mtu yeyote.

Taasisi zisizogawana faida zina mchango wa namna nyingine: hubeba gharama ya kujaribu jambo ambalo wenye mitaji wanaliogopa. K-Rep ya Kenya ilianza mwaka 1984 ikiwa mradi wa maendeleo, ikaja kuwakopesha wafanyabiashara wadogo waliodhaminiana katika vikundi bila hati wala gari la kuweka rehani. Ilipodhihirika kwamba watu hao hulipa, ilipata leseni ya benki mwaka 1999. Mbia anayedai gawio kila mwaka asingeivumilia miaka ile ya kujifunza, ila matunda yake yameufaidisha uchumi wote.

Atasema mtu kwamba ushirika ni shimo la fedha za umma, na ushahidi wake si haba. Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, na viliporudishwa katikati ya miaka ya 1980 vilibebeshwa mikopo ya kununua mazao, huku serikali ikiwa na sauti kubwa katika bei. Madeni yalirundikana, na soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi vingi vilishindwa kuwalipa wakulima. Mwaka 2013 wakulima wa korosho wa Liwale walifanya ghasia baada ya malipo ya pili kuwa pungufu ya matarajio yao. Nchini Kenya, ukaguzi wa kina wa KUSCCO, chama mwamvuli cha vyama vya akiba na mikopo (Sacco), ulibaini upotevu wa shilingi za Kenya bilioni 13 na zaidi. Haya hayafichiki. Lakini tazama yanachofanana: katika kila tukio, waliofanya maamuzi juu ya fedha walikuwa mbali na wenye fedha, na mwanachama aliyajua matokeo hasara ilipokwisha kutokea.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za Tanzania inathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Haina riba, na hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nia ni njema, lakini vikundi vingine viliundwa ili kupokea fedha, na fedha zilipogawanywa kikundi nacho kikafa. Marejesho yakawa tabu, hadi utaratibu ukasitishwa mwaka 2023 ili upangwe upya. Kwenye Sacco mwanachama huweka akiba kwanza, hukopa kwa uwiano wa akiba hiyo, na hudhaminiwa na wenzake ambao akiba zao zitaguswa asipolipa. Uangalizi huo hauwezi kununuliwa kwa kushusha riba.

Pingamizi la pili ni la siku hizi: ushirika wa nini, ikiwa simu inamkopesha mkulima moja kwa moja? Mikopo ya simu imeokoa wengi walioamka na mgonjwa ndani. Lakini ni ya muda mfupi na ghali; M-Shwari ya Kenya ilianza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tena humkuta kila mtu peke yake. Haijengi ghala, haimpi mkulima mzani anaouamini, wala haimketishi mezani na mnunuzi wa tani elfu.

Kwa hiyo anayetaka kuukopesha ushirika ana mambo manne ya kuyasimamia. Mkopo ulingane na mtaji ambao wanachama wamejichangia. Marejesho yafuate msimu wa zao, si kalenda ya benki. Hesabu zilizokaguliwa zisomwe mkutano mkuu kwa lugha ya wanachama, kabla ya mkopo mwingine kuombwa. La mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu linagusa siasa: chama kisicholipa kidaiwe, hata mwaka wa uchaguzi. Deni linalosamehewa kwa tamko la jukwaani humfundisha mlipaji mwaminifu kwamba alipoteza fedha zake bure, na msimu unaofuata naye hatalipa.