Ray Charles wa bei chee: usiingizwe mjini!

Mshikaji, ukiona CD ya Ray Charles inauzwa bei ya kutupa, usikimbilie kutoa hela. Igeuze nyuma kwanza, soma majina ya nyimbo. Mimi sikugeuza. Jaladani alikuwepo mzee mzima, miwani myeusi, tabasamu kibao, nikajua 'I Got a Woman' imo. Thubutu! Changa la macho. Wimbo ule aliurekodi 1954, tayari yuko Atlantic. Nilizouziwa ni za 1949 hadi 1952, enzi za Swing Time, kijana anamuigiza Nat King Cole mpaka unajiuliza nani anaimba.

Siku tatu nilinuna. Ya nne, niko zangu napika, 'Baby, Let Me Hold Your Hand' ya 1951 ikanishika. Piano imetulia, sauti imepoa kama ya Charles Brown vile, lakini mle ndani kuna kilio ambacho hakukiazima kwa mtu. 'Confession Blues' ya 1949 nayo si haba. Zilizobaki? Mh! Nyingine zinakwaruza tu, na hizohizo utazikuta kwenye CD zenye majalada tofauti.

Kama hela yako ni ya moja tu, anza na za Atlantic. Yangu siiuzi, ila ya pili ya namna hii sinunui ng'o!